Ufundi wa Kuuliza Lisiloulizwa

Mwezi ukipevuka juu ya Ziwa Victoria, mialo ya Ilemela hutulia. Dagaa hawavuliwi kwenye mbalamwezi, maana taa ya mvuvi ina nguvu gizani tu. Pale Igombe na Kayenze mitumbwi huvutwa nchi kavu, nyavu hutandazwa na kushonwa, na wanaume waliokuwa wakikesha majini na kulala mchana hurudi kwenye saa za watu wengine. Hucheza bao, hunyoa ndevu, huwafuata wake zao vijijini au huwaita waje.

Siku hizo ndizo mpanga ratiba hodari wa utafiti humtuma mhoji wake mwaloni. Akimtuma wakati wa kiza atawakuta wavuvi wamelala, na atakayeamshwa atajibu ilimradi amalize. Akimtuma mwezi ukiwa mpevu atamkuta mtu mwenye nafasi, aliyekaa kivulini, na huenda ana neno moyoni.

Watu wakisikia "mtafiti wa afya ya ngono" humfikiria daktari mwenye koti jeupe, au mdaku mwenye vyeti. Mimi humfikiria mtu aliyetazama mwezi kabla ya kupanda bodaboda. Ninawastahi mafundi hawa kama ninavyomstahi mchonga mitumbwi, kwa jinsi kazi yao inavyosimama juu ya mambo madogo ambayo abiria hayaoni. Mali yao ni jibu la kweli kwa swali ambalo mara nyingi hata mke hamwulizi mumewe. Kulipata jibu hilo bila kumvunjia mtu heshima, kulitunza, kulipima, kisha kulirudisha kwa wenyewe likiwa na faida: huo ndio mwaka wao wa kazi, na kila ukiisha wanauanza upya.

Mwaka huo huanza na karatasi. Kabla ya mtu yeyote kuulizwa lolote, andiko la utafiti hupelekwa kwenye kamati ya maadili. Wajumbe wake hawaulizi tu kama hesabu zimekaa sawa. Huuliza fomu ya ridhaa imeandikwa kwa Kiswahili cha nani, cha profesa au cha mama lishe. Huuliza mhoji atafanya nini akikuta mshiriki anaumwa, au binti akimwambia kwamba anapigwa nyumbani. Kibali kikitoka hudumu mwaka mmoja, na mtafiti atakayetaka kuendelea lazima arudi na taarifa: umefanya nini, nani amedhurika, nani amejitoa na kwa nini. Baada ya hapo kuna barua ya mkoa, ya wilaya, ya kata, mtendaji wa mtaa, mwenyekiti, balozi. Mgeni anaweza kuiona ni foleni ya mihuri. Fundi anaiona ni kupiga hodi, na katika nchi hii mtu hapigi hodi mara moja tu akaingia.

Kisha huja kazi ya maneno, na hapo mimi hukaa kitako nitazame, kwa sababu ni kazi ya lugha yetu.

Chukua swali moja jepesi, la kumwuliza binti wa miaka 17 kama amewahi kujamiiana. "Kujamiiana" ni neno la kitabu. Wengi wamelisikia redioni, wachache wamewahi kulitamka. "Tendo la ndoa" linamwozesha asiyeolewa, naye atajibu hapana kwa kuwa kweli hana ndoa. "Kufanya mapenzi" linadai mapenzi, na huenda hayakuwapo. "Kukutana na mwanaume" anaweza kusema amekutana nao wengi, sokoni. "Kulala na mtu" litamkumbusha dada yake wanayelala naye kitanda kimoja. Kila neno lina mlango wa kutorokea, na fundi hukaa na wenzake siku nzima wakiifunga milango hiyo mmoja mmoja, mpaka libaki neno ambalo binti atalielewa, halitamtukana, na litakuwa na maana ile ile kwa mwenzake wa ng'ambo ya barabara. Kisha swali hupelekwa kwenye Kisukuma, na mtu mwingine ambaye hajaliona la mwanzo hulirudisha kwenye Kiswahili. Likirudi limebadilika sura, kazi inaanza tena.

Au chukua "magonjwa ya zinaa". Ndilo neno tulilolizoea, limebandikwa kwenye kuta za zahanati. Lakini zinaa ni dhambi kabla ya kuwa ugonjwa. Mke aliyeambukizwa na mumewe, naye hajui mwanaume mwingine, ukimwuliza kama amewahi kuugua ugonjwa wa zinaa atakataa kwa moyo safi, kwa sababu yeye hakuzini. Na katika mkoa wa Mwanza kuna wanaoonewa zaidi yake. Mayai ya kichocho cha mkojo, kinachopatikana kwenye madimbwi na mabwawa ya ndani, yanaweza kukaa katika njia ya uzazi ya mwanamke na kumletea maumivu, uchafu na damu. Madaktari wa Bugando na wenzao wa Weill Cornell ya Marekani wamefanya kazi ya miaka kuuonyesha ugonjwa huu katika wanawake wa ukanda wa ziwa. Dalili zake hufanana na za magonjwa yale mengine, na mwanamke ambaye kosa lake ni kuingia majini kufua au kuchota huangaliwa kwa jicho baya. Mtunga maswali anayejua hili hulitupa neno zinaa. Anauliza maumivu, anauliza kidonda, anauliza usaha, anauliza maji. Hukumu inabaki nje ya dodoso.

Idadi nazo zina ufundi wake. Ukimwuliza mtu mambo ya "miezi 12 iliyopita" atakupa namba ya kubahatisha, kwa sababu hakuna aishiye kwa miezi 12 iliyopita. Mhoji hodari humfungia kumbukumbu kwenye kigingi: tangu mavuno ya mpunga, tangu shule zilipofunguliwa, tangu Nane Nane ile ya Nyamhongolo. Mtu akishika kigingi hicho huanza kuhesabu kwa vidole, na uso wake hubadilika. Sasa anakumbuka kweli.

Siku yenyewe ya mahojiano ikifika, mhoji huwa ameshajifunza pa kukaa. Ukimwingiza mtu chumbani na kufunga mlango, mtaa mzima utataka kujua mnanong'ona nini. Ukikaa naye barazani, mkwe atasikia, na huku Usukumani hakuna jambo la aina hii linalozungumzwa mbele ya mkwe. Basi huchaguliwa kivuli cha mwembe ulio mbali kidogo na nyumba: kila mtu anawaona, hakuna anayewasikia. Mhoji kijana hupiga goti kidogo, "Mwangaluka mayu," na hasogei mpaka aitikiwe. Anaeleza kazi yake pole pole. Anaeleza kwamba mama ana haki ya kukataa, na akikataa zahanati haitamnyima panadol wala kumsusa. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiye wa timu, kisha huweka dole gumba. Nimejifunza kutoka kwa wahoji kwamba ridhaa nzuri hutambulikana kwa swali. Mtu aliyesema ndiyo bila kuuliza chochote, huenda hakusikia.

Halafu huja lile swali, na baada ya swali, kimya. Hapo ndipo mwanagenzi na fundi huachana. Mwanagenzi hukiogopa kimya. Hulirudia swali, hulieleza, humsaidia mtu kujibu, na katika kumsaidia humpa jibu. Fundi huweka kalamu chini, akatazama ziwa. Kimya kile ni cha mwenye siri, anakipima kama mtu anavyopima uzito wa mzigo kabla ya kuutua.

Mwanza imekuwa chuo cha ufundi huu kwa zaidi ya miaka 30. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa hili hili. Mwaka 1991 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, wakiwa na AMREF, Wizara ya Afya na wenzao wa London na Antwerp, walilichukua swali moja: kwa kuwa mwenye kidonda au usaha sehemu za siri hupata VVU kwa urahisi zaidi, je, magonjwa hayo yakitibiwa vizuri katika zahanati zetu za kawaida, VVU vitapungua? Walichagua jumuiya 12 wakazipanga jozi 6, kila moja ikilinganishwa na iliyofanana nayo: za visiwani, za ufukweni, za kando ya barabara kuu, za ndani mashambani. Katika kila jozi moja iliboreshewa tiba mara moja: waganga walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, dawa hazikukatika, wasimamizi walipita mara kwa mara. Nyingine ilisubiri zamu yake. Miaka miwili baadaye, waliopata maambukizi mapya walikuwa asilimia 1.2 upande wa tiba bora na asilimia 1.9 upande wa pili. Hesabu zote zilipokamilika, punguzo lilikuwa la kama asilimia 40. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwezi Agosti 1995, jina la Heiner Grosskurth likiongoza orodha, na humo wamo Watanzania kama Frank Mosha na John Changalucha.

Dunia iliisoma asilimia hiyo. Mimi huisoma kazi iliyofichwa nyuma yake. Watu zaidi ya 12,000 waliandikishwa, na baada ya miaka miwili ilibidi watafutwe tena, mmoja mmoja, katika vijiji visivyo na namba za nyumba. Na Msukuma mmoja ana majina mangapi? Lipo la ubatizo, lipo la babu, lipo la utani, na akizaa anakuwa mama au baba fulani na mengine yote yanasahaulika. Mwandikishaji mzuri aliyaandika yote, akaandika la baba, la mama, la balozi, na jiwe lililo karibu na nyumba. Mwanza haina uhaba wa mawe. Anayesifu ile asilimia 40 asifu na daftari hilo.

Ufundi mwingine wa Mwanza ni kukiri kwamba watu hudanganya, bila kuwachukia kwa hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulianza mradi wa MEMA kwa Vijana katika jumuiya 20 za mkoa, ukifundisha afya ya uzazi katika madarasa ya juu ya shule za msingi na kuzifanya zahanati ziwapokee vijana bila kuwafokea. Maswali yaliulizwa, vipimo vikachukuliwa, na vitu viwili hivyo havikupatana. Wapo wasichana waliosema hawajawahi kabisa, na vipimo vikaonyesha mimba au maambukizi. Mtu wa haraka angesema dodoso limeharibika. Wao walikaa wakauliza: kwa nini? Wakalinganisha njia tano za kuujua ukweli: vipimo vya maabara, maswali ya ana kwa ana, dodoso la kijana kujijazia mwenyewe, mazungumzo marefu, na njia ya kale kuliko zote, kuishi na watu. Watafiti vijana wa Kitanzania walikwenda kukaa katika vijiji tisa, wakalala katika nyumba za familia, wakalima, wakachota maji, wakaenda ngomani na minadani. Waligundua kwamba msichana anayelinda jina lake mbele ya karatasi anaweza kumsimulia rafiki mambo hayo hayo wakiwa njiani kwenda kisimani. Ukweli ulikuwapo siku zote. Ulikuwa ukingoja mtu wa kuaminika. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haijui siri kwa kuusemesha mtungi. Inaijua kwa kuingia ndani yake kila siku.

Damu ina siasa yake. Mtu akitoa damu yake kwa mgeni, kumbukumbu za mumiani huamka, na mtaani huvuma kwamba inauzwa. Hili lilijitokeza pia katika tafiti zilizofanywa miongoni mwa wanawake wa baa, nyumba za wageni, mama lishe na wapika pombe wa jiji la Mwanza. Jibu la mafundi halikuwa kuwakaripia wenye uvumi. Waliwaomba wanawake wenyewe wachague wawakilishi wao kutoka kata zao, wakae pamoja na watafiti, walete kila neno linalosemwa vilabuni na kulipeleka jibu huko huko. Mwakilishi akishakiona kichupa cha damu na kijiko cha chai kando yake, akaona vinalingana, anarudi mtaani na hoja ambayo hakuna daktari angeweza kuisema kwa ufasaha wake. Sampuli hizo huwekwa kwenye boksi la baridi, hupelekwa maabara, hupewa namba badala ya jina, huzungushwa, hugawanywa, hugandishwa. Majibu huingizwa kwenye kompyuta mara mbili na watu wawili wasioangaliziana, ili kosa la mmoja lifichuliwe na mwenzake. Sitayachambua zaidi, nataka tu ijulikane kwamba kuna mtu ambaye kazi yake ya mwezi mzima ni kuhakikisha 1 haikuandikwa 7.

Ndipo huja msimu wa makongamano. NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1979, ina kongamano lake la kisayansi la mwaka; madaktari wa afya ya jamii na wa akina mama wana mikutano yao; na magonjwa haya ya faragha yana jumuiya zake za kimataifa ambazo watu wa Mwanza huzihudhuria. Miezi kabla ya siku, kila mtu anaikamua kazi yake ya miaka mitatu iingie kwenye ikisiri ya aya nne. Mwenye bahati hupewa dakika kumi jukwaani. Wengine husimama kando ya mabango yao kama wauza vitenge, wakingoja mpita njia atakayesimama na kuuliza. Mkutano huo si sherehe. Ni pale seremala anapoleta kiti chake mbele ya maseremala wenzake, nao hawakikalii kwanza. Wanakipindua watazame viungo.

Hakuna kiti kilichopinduliwa zaidi ya kile cha 1995. Mwaka 1999, ng'ambo ya kaskazini-magharibi ya ziwa hili, watafiti wa Rakai nchini Uganda walichapisha jaribio lao, wakiongozwa na Maria Wawer. Wao waliwatibu watu wote wa jumuiya kwa mkupuo, wenye dalili na wasio nazo, na VVU havikupungua. Mwaka 2003 Masaka, jirani ya Rakai, ikaleta jibu kama la Rakai. Ziwa moja, swali lile lile, majibu yanayopingana. Katika siasa huo ungekuwa mwanzo wa ugomvi wa kudumu. Katika ufundi huu, watu wa pande hizo walikaa meza moja, wakaleta takwimu zao, wakazipima kwa mizani moja. Picha ikaanza kujitokeza. Uganda janga lilikuwa limeshazeeka, tabia zilikuwa zimeshabadilika, na vidonda vingi vilikuwa vya malengelenge ya sehemu za siri, ambayo antibiotiki haiyagusi. Mwanza janga lilikuwa bado changa, na magonjwa yanayotibika yalikuwa mengi. Kumbe swali la nani alikosea lilikuwa limekosewa lenyewe. Majibu yote mawili yalikuwa ya kweli, kila moja kwa wakati na mahali pake.

Jambo ninaloliheshimu kuliko yote katika mikutano hiyo ni sauti ya mtu anayesimama na kusema: haikufaa. Watafiti waliwaza: kama malengelenge yanafungulia VVU mlango, pengine dawa ya kuyatuliza itaufunga. Wanawake 821 wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania wasio na VVU waligawiwa aidha aciclovir au kidonge kisicho na dawa, asubuhi na jioni. Mwaka 2008 Deborah Watson-Jones na wenzake walitangaza kwamba haikuwakinga. Kisha ikaja jeli ya kupaka ukeni, iliyojaribiwa kwa wanawake zaidi ya 9,000 katika nchi nne, Mwanza ikiwamo. Desemba 2009: haikukinga. MEMA kwa Vijana: vijana walielewa mambo zaidi, lakini vipimo vya VVU havikuonyesha nafuu. Nyuma ya kila tangazo la namna hiyo kuna wahoji waliotembea miaka, na wanawake waliotoa siri na damu yao. Kusema haikufaa, hadharani, kwa tarakimu kamili, ni kuwaheshimu wanawake hao. Kungekuwa rahisi kulipamba jibu. Lakini dawa isiyofanya kazi ikipambwa, atakayelipa ni dada wa baa atakayeiamini usiku mmoja.

Na zipo siku ambazo kiti husimama. Utafiti wa Mwanza uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa kwa wajawazito ambao hawakupimwa kaswende, ugonjwa huo ulichangia kama nusu ya watoto waliozaliwa wafu, na kwamba sindano moja ya penisilini, dawa ya bei ndogo, iliwaokoa. Kipimo kile anachochomwa mama kidoleni kliniki ya Buzuruga au Sangabuye kina hoja ya aina hiyo nyuma yake.

Baada ya kongamano mtu angedhani mwaka umeisha. Bado kuna mrejesho, na kwangu mimi huo ndio unaompima fundi. Ni mkutano wa hadhara, kwenye uwanja wa shule au chini ya miti karibu na ofisi ya mtaa. Mabenchi yanatolewa darasani. Watafiti wanasimama mbele ya wale waliowauliza, bila slaidi, na lazima jambo lililoandikwa kwa kurasa 12 lisemwe kwa dakika chache, bila kumtaja mtu, bila kuuaibisha mwalo. "Tuliwauliza hiki. Mlitujibu hivi. Maana yake ni hii." Halafu mwenyekiti husema maneno ambayo kila mhoji huyangoja kwa moyo kudunda: sasa na ninyi mnaweza kuuliza.

Hapo viti hugeuka. Mzee atauliza mbona waliotahiriwa nao wanaumwa. Mama atauliza kwa nini mliandika mambo ya wanawake tu, wavuvi je. Kijana wa nyuma, akiwa nusu amejificha kwa mwenzake, atauliza lile alilolitunza mwaka mzima. Yule aliyekuwa akiuliza sasa anajibu mbele za watu, na anaonja uzito aliokuwa akiwabebesha wengine. Mtafiti mzuri ana daftari mkononi saa hiyo, kwa sababu maswali hayo ndiyo mbegu za mwaka ujao.

Si maneno matupu. Tohara ya wanaume ilipothibitika kupunguza uwezekano wa mwanaume kuambukizwa VVU, serikali iliileta hata huku kwa Wasukuma ambao si mila yao, na katika baadhi ya vijiji wanaume hawakujitokeza. Watafiti wakaketi na waumini wakawasikiliza, wakakuta wengine wanasema hilo ni jambo la Waislamu, na kanisani halijawahi kutajwa. Basi likatengenezwa jaribio kutokana na neno hilo hilo. Katika vijiji 16 vya kaskazini-magharibi mwa Tanzania, tohara ilipelekwa kama kawaida. Ila katika nusu yake viongozi wa makanisa walipewa kwanza semina ya siku moja, ya Biblia, historia na tiba. Katika vijiji hivyo zaidi ya nusu ya wanaume walijitokeza. Katika vile vingine hawakufika theluthi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Hakukuwa na dawa mpya humo. Kulikuwa na mtu aliyesikiliza sababu ya kukataa na kuichukua kama sababu.

Na kuna kisa cha wasichana 930. Walikuwa na umri wa miaka 9 hadi 14, wanafunzi wa hapa Mwanza, walioandikishwa kuanzia mwaka 2017 katika jaribio la kitengo cha MITU, kilichoanzishwa mwaka 2006 na NIMR pamoja na London School of Hygiene and Tropical Medicine. Swali lilikuwa hili: chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, ikitolewa dozi moja badala ya mbili au tatu, je, mwili utajenga kinga ya kutosha? Kwa nchi yenye shule nyingi, barabara za vumbi na wauguzi wachache, dozi moja na dozi mbili ni umbali mkubwa. Wazazi walikutanishwa, wakaeleweshwa, wakaweka sahihi. Mabinti nao wakaulizwa kwa maneno yao, kwa kuwa mkono ni wao. Wahoji wakafanya lile walilojifunza kwa daftari la miaka ya 1990: wakawafuata watoto hao wakihama shule, wakihamia kwa shangazi, wakibadili majina. Baada ya miaka miwili karibu wote walikuwa bado wamo, na waliopata dozi moja, isipokuwa wachache mno, walikuwa na kinga. Kisumu, Thika na Nairobi, jaribio jingine la wanawake wa Kenya lilionyesha kwamba dozi moja inakinga maambukizi yenyewe. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali ratiba ya dozi moja, na mwaka 2024 Tanzania ikaifuata.

Kwa hiyo leo muuguzi akifika katika shule ya msingi ya Ilemela na boksi lake la baridi, mabinti hupanga mstari, hukunja mikono ya mashati, hufumba macho, na baada ya sindano moja hurudi darasani. Hawaulizwi tena warudi. Wapo mabinti wakubwa kidogo mjini humu, wengine sasa wana watoto wao, waliorudi mara nyingi ili hawa wasirudi. Majina yao ni namba kwenye kabati lililofungwa, na ndivyo walivyoahidiwa.

Mwezi ukipevuka tena, kibali kimeshahuishwa na maneno yameshachujwa. Mhoji anashuka kwenye bodaboda pale juu barabarani, anamalizia kwa miguu mpaka mwaloni ili asije na vumbi na kelele. Mvuvi aliyekaa kivulini anamtambua. "Ninyi ndio mlikuja mwaka jana," anamwambia, na kusogea kidogo kwenye ubao wa mtumbwi ampishe akae.